Vita ya Kagera: hadi Mutukula ilikuwa halali, kutoka Mutukula hadi Kampala ilikuwa haki tu. Nipingeni

#1 Msomi wa Nyakato
Wakuu, salaam. Kuna jambo linanisumbua tangu nianze kusoma uhusiano wa kimataifa, na darasani sikupata wa kubishana naye. Naliweka hapa.

Majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yaliingia Kagera, mkoa wetu wa mpakani, mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto Kagera, karibu kilomita za mraba 1,840, sasa ni ya Uganda. Kumtoa pale ilikuwa halali kwa kipimo chochote. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaipa nchi iliyoshambuliwa haki ya kujilinda, na hakuna aliyebisha.

Ubishi wangu unaanzia Januari 1979, vijana wetu walipoichukua Mutukula, mji wa Uganda ulio mpakani, na baadaye kusonga mbele. Ile haikuwa tena kulinda mpaka. Tulikuwa tunamng'oa mtawala wa nchi nyingine. Nasema ilikuwa HAKI kumng'oa, kwa sababu alikuwa anachinja watu wake. Lakini haikuwa HALALI, kwa sababu hakuna sheria wala chombo kilichotupa kazi hiyo.

Nilipoingia kwenye nadharia za kiliberali, zile zinazoweka mbele uhuru na haki za mtu, nikidhani nitapata jibu, nikakuta wenyewe hawaelewani. Mwanafalsafa Mjerumani Kant mwaka 1795 aliandika kwamba dola lolote lisiingilie kwa nguvu katiba na utawala wa dola jingine. Wanaojiita wajukuu zake, karne mbili baadaye, wanasema serikali inayoua raia haina ukuta wa kujifichia. Babu kafunga mlango, wajukuu wanaufungua. Nani yuko sahihi?

#2 Kisiwa24
Nimeweka kambi.

#3 Ngosha wa Magu
Mleta uzi, mtu kaingia kwako, kaua watu, kaswaga ng'ombe, kalipua daraja la Kyaka. Unamkimbiza mpaka kwenye uzio wake, halafu unasimama, unamwambia "haya, nenda kalale"? Kesho atarudi na wenzake. Kujilinda ni kuondoa chanzo. Mimi sioni vita mbili hapo, naona moja.

#4 Wakili wa Bomani
Ngosha, mfano wa mwizi ni mtamu ila mahakamani haufiki mbali. Kujilinda kuna masharti: iwe lazima, na nguvu iwiane na hatari yenyewe. Swali la kisheria ni kama hatari ilikuwa bado ipo baada ya adui kurudi kwake.

Lakini naomba mleta uzi asiruke kipande kimoja. Nyerere hakuanza na Kampala. Alitaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika, yaani OAU, uulaani uvamizi. Alitaka Amin akane madai yake ya ardhi na alipe fidia. OAU haikulaani. Ikatuma wapatanishi, kana kwamba ni ugomvi wa majirani wawili waliokosana sawasawa. Kwa hiyo unaposema "hakuna chombo kilichotupa kazi", uliza pia chombo kilifanya nini kilipobishiwa hodi. Mlango wa sheria ukifungwa makusudi, aliyeachwa nje anapoteza haki yake?

#5 Mfasiri
Kabla hamjaenda mbali, mnatumia neno moja kwa mambo mawili. Nimefanya kazi ya kutafsiri miaka mingi na hapa huwa nakwama.

Mwaka 1999 NATO, muungano wa kijeshi wa Magharibi, iliipiga Yugoslavia kwa siku 78 kwa ajili ya Kosovo, bila idhini ya Baraza la Usalama. Mwaka uliofuata tume huru ya kimataifa, mmoja wa wenyeviti wake akiwa jaji Richard Goldstone wa Afrika Kusini, ikatoa hukumu iliyopata umaarufu: kwamba vita vile vilivunja sheria lakini vilikuwa na uhalali. Kiswahili chake kikavu kinatoka "haikuwa halali lakini ilikuwa halali". Msomaji anatupa karatasi.

Wengine wanasema "uhalali wa kisheria" na "uhalali wa kisiasa". Wengine wanatumia "kukubalika", lakini kukubalika si kitu kilekile, maana hata dikteta anaweza kukubalika. "Haki" nayo inabeba mzigo: ni ile ninayoidai, ni ile ambayo mahakama inaitoa, na ni ukweli pia mtu anapoapa kwa haki ya Mungu. Sasa #1 anaposema "haki tu, si halali", namuuliza: haki ipi kati ya hizo, na halali ya nani?

#6 Mwana wa Mvita
Mfasiri, hapo kwenye "halali" nataka kukuongeza, maana naona mwalisaka neno na liko mdomoni mwa mabibi zetu.

Huku pwani mtu akienda kuhiji, au akiwa mgonjwa wa kufa, huzunguka kwa jamaa na majirani akisema: "nihalalishie". Maana yake, kama nilikula chako, kama nilikusema, kama nilikudhulumu, niachilie. Kadhi hawezi kumhalalishia badala ya mwenyewe. Serikali haiwezi. Ni yule aliyedhulumiwa tu, kwa ulimi wake.

Kwa hivyo kwangu swali la #1 lina mwenye kulijibu. Si Kant, si OAU, si Nyerere. Ni Mganda. Yeye ndiye mwenye nyumba iliyoingiwa. Akisema "nimewahalalishia", ilikuwa halali. Asiposema, haikuwa, hata kama lingekuwapo azimio la Umoja wa Mataifa.

#7 Kisiwa24
#6 kaniamsha. Endeleeni.

#8 Wakili wa Bomani
Mwana wa Mvita, nimekupata, na ni fikra nzito. Shida yake: ridhaa hiyo inakuja baada ya tendo. Mvamizi yeyote ataingia kwanza halafu asubiri kuhalalishiwa. Mwaka 2003 waliokwenda Iraki walisema watapokelewa kama wakombozi. Sheria inataka idhini kabla.

Na Waganda ni wengi. Nani anawasemea?

#9 Omwana w'e Masaka
Mimi ni Mganda, nimesoma shule Mwanza ndiyo maana naandika hapa. Niwajibu kwa sababu mnanitaja.

Kampala iliangukia mikononi mwa Watanzania na wapiganaji wetu tarehe 10 Aprili 1979 na watu walicheza barabarani. Hilo ni kweli kabisa, msisikilize anayelikana. Mama yangu anasema alimkumbatia mwanajeshi asiyemjua. Miaka minane ya kuogopa buti la gari usiku, watu wanaingizwa humo na hawarudi.

Lakini mimi ni wa Masaka. Masaka na Mbarara zilitekwa Februari na zikavunjwavunjwa, na kila mtu aliyesoma historia hiyo anajua ilisemwa kuwa ni malipo ya Kagera. Babu yangu alikuwa na duka la vitambaa. Ulibaki ukuta mmoja. Babu hakuwahi kukanyaga Kagera, na Amin alikuwa amemuua kaka yake.

Sasa mkiniuliza "unahalalisha?" nitasema lipi? La Kampala au la Masaka?

#10 Mtunza Kumbukumbu
Sahihisho dogo kwa #9: Kampala ilianguka 11 Aprili, siyo 10. Na pole sana kwa ya babu.

#11 Omwana w'e Masaka
Ahsante, ni 11.

#12 Dada Sera
Niingie na upande wa vitabu, maana mleta uzi ametaja Kant akaruka waliokuwa wanabishana wakati vita yenyewe inapiganwa.

Kuanzia mwaka 1977 mwanafalsafa Mmarekani Michael Walzer alitoa hoja kwamba watu wana haki ya kupigania uhuru wao wenyewe, na mgeni asichukue kazi hiyo. Tunapaswa kudhani kwamba kati ya watu na serikali yao kuna mafungamano fulani, hata kama serikali ni mbaya, mpaka ionekane wazi kwamba hayapo. Yanaonekana hayapo pale penye mauaji ya halaiki au utumwa. Mfano wake mkubwa ni India kuingia Pakistani ya Mashariki mwaka 1971, ikazaliwa Bangladesh. Kwa kipimo hicho Uganda ya Amin inaingia, ingawa unaweza kubishana ni wangapi wafe ndipo mlango ufunguke. Swali hilo linanichukiza hata kuliandika.

Halafu 1979, mwaka uleule wa Kampala, Mmarekani mwingine, Charles Beitz, akasema Walzer analipatia dola heshima isiyolistahili. Dola si mtu, halina utu wa kulindwa. Uhuru wake wa kutoingiliwa unatokana na haki inayotendeka ndani yake. Pasipo haki ndani, kinachobaki ni sababu za tahadhari tu: je, kuingia kutaleta madhara zaidi?

Ukimfuata Beitz, madai ya #1 yanaanguka, kwa sababu huwezi kutenganisha haki na uhalali. Uhalali ni mtoto wa haki. Ukimfuata Walzer, #6 anapata nguvu. Mimi niko karibu na Beitz, ila #9 amenitikisa.

#13 Ngosha wa Magu
Dada Sera umeshusha nondo. Ila naona wazungu wawili wanabishana kuhusu sisi na hakuna aliyemuuliza mwenye duka.

#14 Dada Sera
Ni kweli Ngosha. Na ukirudi nyuma ni pabaya zaidi. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliandika mwaka 1859 kwamba wageni wasiwapiganie watu uhuru, maana uhuru wa kupewa haudumu. Hoja nzuri, na ukiangalia Uganda baada ya 1979 unaweza kusema aliona mbali. Lakini katika andiko hilohilo akasema kanuni hiyo haiwahusu aliowaita washenzi. Alikuwa ameajiriwa na Kampuni ya Uhindi Mashariki zaidi ya miaka 30. Kwa hiyo mlango aliowafungia Wazungu wasiingiliane, aliuacha wazi kwa bara zima la Asia na letu.

#15 Kitabu Kikuukuu
Kuna jambo kwenye hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, ya kutangaza vita, ambalo sijaona likisemwa. Wote tunaikumbuka: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Sasa zihesabu. Wanafalsafa wa vita ya haki, tangu enzi za kanisa la kale, hutaka sababu njema, nia njema, tumaini la kushinda, na mamlaka halali. Mwalimu, Mkatoliki aliyesoma sana, alitaja tatu. Ya nne hakuitaja. Hakusema "ruhusa tunayo".

Mimi nadhani alijua.

#16 Wakili wa Bomani
Kitabu Kikuukuu, umeng'amua jambo zuri ila nakupinga mara mbili. Kwanza, "nia" kwenye hotuba ile ni azma, kwamba tumekusudia. Si nia njema ya wanateolojia. Pili, rais wa nchi iliyovamiwa hahitaji kutaja ruhusa. Ibara ya 51 haimtaki aombe. Siku ile alikuwa anazungumzia kumtoa Amin Kagera, hajafika Mutukula.

#17 Kitabu Kikuukuu
La pili nakubali. La kwanza bado.

#18 Mpitanjia wa Hanoi Road
Nawapa kipimo ambacho hakuna nadharia ya kiliberali inayokipita bila kujikwaa.

Miezi ileile, 25 Desemba 1978, Vietnam iliingia Kambodia. Tarehe 7 Januari 1979 mji mkuu, Phnom Penh, ukaanguka na mtawala wake, Pol Pot, akakimbia. Pol Pot! Kwa mauaji, Amin hamfikii. Vietnam nayo ilikuwa imeshambuliwa mpakani kwanza, kama sisi. Sababu ileile, mwendo uleule.

Matokeo? Septemba 1979 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kiti cha Kambodia kibaki kwa watu wa Pol Pot. Vietnam ikawekewa vikwazo. Sisi je? Serikali mpya ya Uganda ilitambuliwa na Uingereza na wengine ndani ya siku chache. Baraza la Usalama halikupitisha azimio lolote dhidi yetu.

Haki ilikuwa ileile, au ya Vietnam ilikuwa kubwa zaidi. Uhalali tukapewa sisi. Kwa nini? Kwa sababu Vietnam ilikuwa rafiki wa Moscow, na China na Marekani walikuwa upande wa pili. Uhalali unagawiwa na wakubwa kwa marafiki zao. Mengine yote ni vitabu.

#19 Dada Sera
Umegusa kidonda. Ila usisahau tofauti moja: Vietnam ilikaa Kambodia hadi 1989. Sisi tuliondoka 1981.

#20 Omwana w'e Masaka
Dada, miaka miwili siyo usiku mmoja. Mkutano wa kuunda serikali yetu ulifanyika Moshi, Machi 1979. Mji wenu, siyo wetu. Akachaguliwa Yusuf Lule kuwa rais, akakaa siku 68. Akaja Binaisa, akaondolewa Mei 1980. Desemba 1980 uchaguzi, Obote akarudi, yule aliyekuwa mgeni wa Mwalimu tangu 1971. Wengi wakasema kura zimeibwa. Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Vita ya Luweero ikafuata. Walikufa wengi kule ambao hawakufa kwa Amin.

Sisemi Tanzania ilipanga hayo. Nasema aliyemng'oa mbaya ana sehemu katika anayefuata. #6 anasema tuhalalishe. Tukio linaishia wapi ili tulihalalishe?

#21 Mwana wa Mvita
Ndugu yangu wa Masaka, sina jibu la haraka. Nitalala nalo.

#22 Bibi wa Minziro
Wanangu, mimi si msomi wa mambo haya. Nilikuwa na miaka 19. Tulikimbia na mama na mbuzi wawili, tukavuka kwa mtumbwi usiku, maji yamejaa. Kaka yangu alibaki kutafuta ng'ombe hatukumwona tena. Makaburi ya wanajeshi yapo Kaboya, watu huenda na mashada ya maua. Ya watu kama kaka yangu hayapo popote.

Nasoma mnauliza kama kwenda Kampala ilikuwa halali. Sisi tulirudi tukakuta hata mlango wa nyumba umeondoka. Wangeishia Mutukula nisingelala usingizi hadi leo. Lakini huyu mtoto wa Masaka nimemsoma mara tatu. Mwanangu, pole. Babu yako naye alikuwa na kaka.

#23 Omwana w'e Masaka
Bibi, shikamoo. Nimekusoma nikiwa kazini nikatoka nje.

#24 Bibi wa Minziro
Marahaba mwanangu.

#25 Mtunza Kumbukumbu
Kwa rekodi tu, #18 anasema Tanzania haikulaumiwa. Ililaumiwa, na Waafrika. Mkutano wa OAU Monrovia, Julai 1979: Nimeiry wa Sudan, aliyekuwa anamaliza uenyekiti, alitushutumu, na Obasanjo wa Nigeria naye. Hofu yao ilieleweka: mipaka na serikali nyingi zilikuwa dhaifu, na mlango huu ukizoeleka kila mwenye jeshi atampindua jirani akisema anaokoa watu.

Tukumbuke pia msimamo wa Mwalimu haukuanza 1979. Julai 1975 Tanzania, Zambia na Botswana zilisusia mkutano wa OAU uliofanyika Kampala kwa mwaliko wa Amin. Hoja ya Tanzania ilikuwa kwamba Afrika inapiga kelele Makaburu wakiua Waafrika, lakini Mwafrika akiua Waafrika tunanyamaza na kumpa uenyekiti. Na Aprili 1968 tuliitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, wa kwanza Afrika, kwa hoja kwamba dola lisiloweza kulinda watu fulani haliwezi kudai utii wao. Ndiyo maana Wanigeria hawakuwa na hamu na somo letu Monrovia.

#26 Ngosha wa Magu
Kwa hiyo Mwalimu alikuwa Beitz kabla ya Beitz.

#27 Dada Sera
Karibu. Ila yeye alisema vita ni mbili: Watanzania wanalinda nchi yao, Waganda wanamng'oa dikteta wao. Hakutaka kusema kwa sauti "tumekuja kumng'oa". Hapo ni Walzer, au ni mwanasiasa aliyejua OAU inasikiliza.

#28 Mgeni wa Kinshasa Ndogo
Nasikia ibara ya 4(h) ya OAU inaruhusu kuingilia. Sasa Mwalimu alivunja sheria gani?

#29 Wakili wa Bomani
Hapana. 4(h) ni ya Umoja wa Afrika, siyo OAU. Sheria hiyo ilipitishwa Lomé Julai 2000, ikaanza kazi 2001. Inaupa Umoja haki ya kuingilia nchi mwanachama kukiwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mkataba wa OAU wa 1963 ulisema kinyume: kutoingilia mambo ya ndani. Umoja ulibadilika baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Aprili 1994 Baraza la Usalama lilipunguza walinda amani wa huko kufikia 270 hivi huku watu wanachinjwa. Azimio 912. Kura zote ziliafiki. Halali kabisa kwenye karatasi.

#1, hicho ndicho kinyume cha Kagera yako: halali bila haki.

#30 Umurundi wa Buyenzi
Na 4(h) ni maandishi mazuri tu. Niko Bujumbura. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika liliidhinisha askari 5,000 waje kwetu. Maiti zilikuwa barabarani asubuhi. Serikali ikasema atakayekanyaga bila ruhusa atahesabiwa mvamizi. Januari 2016 marais wakakutana Addis Ababa, wakaamua kutotuma.

Nilikuwa mtaani kwangu nasikiliza redio. Mwenzangu mmoja alisema afadhali, wakija vita itakuwa kubwa. Mwingine alilia. Wote wawili ni Warundi. Mwana wa Mvita, yupi kati yao ndiye mwenye nyumba?

#31 Mwana wa Mvita
Kaka wa Buyenzi, swali hilo ndilo linalovunja hoja yangu, au linaipinda. Nilifikiri nyumba moja, mwenyewe mmoja. Nchi ni nyumba ya wengi walio na madeni tofauti. Labda kila mtu ana halali yake ya kutoa, na haichanganywi ikawa moja.

#32 Mama Birere
Ndugu zangu, miye naandika toka Goma. Mnaongea sana juu ya ruhusa. Kwetu ruhusa ilikuwa imejaa. MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, wana azimio. Mwaka 2013 wakatuma kikosi cha kupigana, Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi, na waasi wa M23 wakashindwa mwaka uleule. Siku hizo watoto walikuwa wanawapungia Watanzania mikono. Kisha Novemba 2022 likaja jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na serikali yetu yenyewe ilikubali. Ruhusa zote. Watu wakaandamana waondoke, kwa sababu waliona hawapigani. Desemba 2023 wakaenda.

Kwa hiyo karatasi ilikuwa ileile mara zote. Kilichobadilika ni kama mtu analala kwake usiku. Kwangu uhalali ni huo. Usiku.

#33 Dada Sera
Mama Birere, kuna wanaoandika hivyo pia. Wasomi Buchanan na Keohane mwaka 2006 walisema chombo cha kimataifa hakihitaji kuwa na haki kamili ili kiwe na uhalali. Kuna viwango vya chini, kimojawapo kikiwa kwamba kinaleta manufaa kuliko kutokuwepo kwake. Wewe umelisema kwa neno moja.

#34 Pwani Moja
Na ile ya Anjouan, kisiwa cha Komoro, Machi 2008? Tulikwenda na Wasudani kumtoa Bacar, kiongozi wa kisiwa aliyeasi, kwa baraka za Umoja wa Afrika na kwa kuombwa na serikali ya Komoro. Hiyo mbona haina kelele?

#35 Wakili wa Bomani
Kwa sababu iliombwa na mwenye mamlaka, ikaidhinishwa, ikaisha haraka. Kesi rahisi hazina uzi.

#36 Eldoret Finest
Tukizungumzia haki na uhalali, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague vipi? Kesi za Kenya zilianza na watu sita na hakuna aliyetiwa hatiani.

#37 Kisiwa24
Eldoret, hilo lifungulie uzi wake, litatula siku tatu. Hapa tuko Mutukula.

#38 Msomi wa Nyakato
Nimesoma yote, ahsanteni. Nirudi na jambo moja kuhusu mwanafalsafa Mmarekani John Rawls, nililoliacha kwenye #1.

Rawls mwaka 1999 aliwagawa watu wa dunia katika makundi, matatu yanatuhusu hapa: jamii za kiliberali, jamii zisizo za kiliberali lakini zenye staha, zinazoheshimu haki za msingi na kusikiliza watu wake, na dola haramu, zinazoshambulia wengine au kukanyaga haki hizo. Za kwanza na za pili ziheshimiane. Za tatu zinaweza kubanwa, na ikibidi sana kuingiliwa.

Amin hana pa kukimbilia, alikosa kote kuwili. Lakini sisi tulikuwa wapi? Tanzania ya 1979 ilikuwa ya chama kimoja kwa sheria tangu 1965. Kulikuwa na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila mashtaka. Si jamii ya kiliberali. Kwa hisani tutaitwa "yenye staha". Na kuna waliberali waliopendekeza kazi ya kuingilia wapewe mataifa ya kidemokrasia pekee yakiungana. Kwa pendekezo hilo Tanzania ingekatazwa. Mataifa hayohayo yalifanya nini? Uingereza ilimtambua Amin haraka mwaka 1971. Waliostahili kwa nadharia hawakuja. Aliyekuja hakustahili.

Kwa hiyo nabadilisha madai. Sisemi tena "haki bila uhalali". Nasema waliberali wanauliza mwenye kuingia ni nani, wakati #32 anauliza usiku ule ulikuwaje, na #6 anauliza nani amesamehe. Bado sijui nimfuate nani.

#39 Mpitanjia wa Hanoi Road
Na gharama je? Inatajwa kufika dola milioni 500, na hakuna aliyetusaidia kuilipa. Tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18. Mkanda haukufunguka. Mimi nilipanga foleni ya sabuni nikiwa darasa la tatu. Kama ilikuwa haki ya Afrika nzima, kwa nini bili ikaja kwetu peke yetu?

#40 Ngosha wa Magu
Hapo sibishi. Foleni ya sukari naikumbuka.

#41 Mwana wa Mvita
Wa Masaka, nina swali moja kwako, na usijibu kama ni zito. Babu yako alipata kuombwa halali na yeyote?

#42 Omwana w'e Masaka
Siyo zito. Hakuombwa na mtu. Ila mwaka mmoja, nikiwa likizo, alikuja mzee mmoja Mtanzania mnunuzi wa kahawa, wakakaa kibarazani. Babu alijua Kiswahili cha biashara. Wengi kwetu walikiogopa kwa sababu askari wa Amin ndicho walichokisema. Yule mzee akasema alipita Masaka mwaka 79 akiwa na sare. Kimya kikawa kirefu. Babu akaniambia nilete chai.

Alipoondoka nikamuuliza babu kama amemsamehe. Alijibu kwa Kiganda, nitawatafsiria: kuondoka kwa Amin nimekupokea, duka sijalipokea.

#43 Wakili wa Bomani
Sheria yetu haijui kugawa hivyo. Ama vita ilikuwa halali ama haikuwa. Halafu namna ilivyopiganwa inahukumiwa peke yake. Kwa maana hiyo labda babu alikuwa anasema kile wanasheria wanachokisema: sababu ya vita ni kesi moja, mwenendo wa vita ni kesi nyingine.

#44 Mfasiri
Sidhani, Wakili. Wanasheria wana kesi mbili na hakimu mmoja. Babu alikuwa na mdeni mmoja na madeni mawili. Na neno la Kiganda alilotumia ni lipi hasa? "Kupokea" kwa maana ya kukubali, au ya kushika mkononi?

#45 Omwana w'e Masaka
Nitamuuliza mama Jumapili. Yeye alikuwepo pia.